Katlesi Nne za Kendwa

Alhamisi, 10 Julai

Nimeitwa! Watu mia tatu na arubaini wameomba, wameitwa kumi, na mmoja wa hao kumi ni mimi, Abdulhakim. Hoteli ya Mkadi, Kendwa. Nafasi mbili za wahitimu wa chuo, kujifunza umeneja. Siku ya mchujo ni Alhamisi ijayo, kutwa nzima: zoezi la kikundi asubuhi, chakula cha mchana, kisha usaili wa mmoja mmoja. Barua pepe nimeisoma mara sita. Mara ya saba nimemsomea Mama kwa sauti.

Imekuja kwa wakati wake. Ami Mmanga keshasema nimekaa nyumbani miaka miwili na shahada ukutani, basi ikifika tarehe mosi Agosti sina kazi, nahamia kwake Chukwani kuangalia kuku. Kuku mia sita! Keshaninunulia na mabuti ya mpira, meusi, yanafika magotini. Yako mlangoni tangu Jumamosi. Kila nikitoka nayakuta, kila nikirudi nayakuta.

Doa moja tu. Radhiya, mtoto wa Bi Mwanakhamis wa nyumba ya tatu, naye ameitwa. Alikuwa mkuu wa midahalo skuli na hajasahau. Alikuja kumpa Mama habari zake kabla sijamaliza kumpa zangu. Mama akampigia vigelegele. Mimi nilipigiwa nusu ya hivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekesha mtandaoni, sasa siri zote ninazo. Katika zoezi la kikundi wasaili wanakaa pembeni na karatasi, wanaandika nani kafanya nini. Hawatafuti anayesema sana. Wanatafuta: moja, anayetunza muda, mbili, anayefanya muhtasari, tatu, anayemvuta mtu mkimya aingie kwenye mazungumzo. Hii ya tatu ndiyo dhahabu. Radhiya haijui, maana mtu mkimya akikaa karibu na Radhiya haonekani.

Baada ya sala ya Ijumaa nikafanya majaribio na wazee wa baraza la kahawa hapa mtaani. Mtandao unasema kikundi hupewa tambi kavu wajenge mnara mrefu kwa dakika ishirini. Nikanunua paketi mbili, nikawagawia, nikawasha saa. Dakika saba za kwanza ziliisha katika kubishana nani awe mwenyekiti. Zilizofuata akazichukua Mzee Haji kueleza mechi moja ya mpira ya zamani ambayo refa aliwaonea. Mimi nikawa namvuta mkimya azungumze, kumbe amelala. Mnara haukupanda hata kidogo. Lakini muda niliutunza vizuri mno.

Tambi Mama kazichukua, kazikaanga, kazitia sukari na zabibu. Wazee wamesema zoezi ni zuri na wameuliza kama Ijumaa ijayo lipo.

Jumapili, 13 Julai

Mpango umekamilika. Mimi ni mtu hatari!

Nimegundua Haroub naye ameitwa. Haroub wa Tumbatu, tuliyesoma naye. Miaka mitatu darasani nimemsikia akisema neno moja, "Nipo," nalo wakati wa kuitwa majina. Wakimya wengine wanajifunza. Yule kazaliwa hivyo. Nikamwita mjini, nikamketisha, nikamnunulia urojo bakuli mbili, bajia za ziada na ukwaju juu. Nikamweleza. Yeye atakaa kimya dakika kumi za mwanzo. Mimi nitageuka kwa upole, niseme, ndugu Haroub, tungependa kusikia na wewe unaonaje. Hapo yeye atasema jambo moja la maana, mimi nitapata sifa ya kumvuta, yeye atapata sifa ya jambo lenyewe. Sote tunaingia, Radhiya anabaki na midahalo yake.

Haroub alikula bakuli zote mbili, akafuta mdomo, akatikisa kichwa kukubali. Hakusema kitu. Nimemwamini papo hapo.

Jumatatu, 14 Julai

Koti nimeazima kwa binamu yangu Masoud. Yeye ni mnene kunishinda, lakini koti lina mifuko mikubwa ya ndani na mtu mwenye nafasi ndani ya koti anaonekana ametulia.

Jioni nikasikia makofi nyumba ya tatu. Radhiya amekusanya wasichana sita sebuleni, wanafanya mazoezi ya kikundi, na meza, na karatasi ukutani! Nikasimama chini ya dirisha kidogo tu, kwa ajili ya utafiti. Nilimsikia akiwaambia wenziwe kwamba kazi ya kikundi ni kumsikiliza mwenzako mpaka amalize. Nikacheka kimoyomoyo. Na hiyo ndiyo siri yake?

Hapo ndipo Bi Mwanakhamis alipomwaga maji ya kuoshea mchele. Alitoa kichwa akaomba radhi sana, akasema hakujua kama chini kuna mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaondoka kwa heshima, ninachuruzika. Namshukuru Mungu koti nilikuwa sijalivaa.

Jumatano, 16 Julai

Balaa.

Nilikuwa nimesahau chakula cha mchana. Mtandao unasema wasaili wanakuangalia hata unavyokula. Na hoteli ya Kendwa ni ya wazungu, itakuwa visu na uma tupu. Mimi uma naujua kwa sura tu. Nikamwomba Mama samaki changu wa kukaanga, nikakaa mezani kufanya mazoezi. Ami Mmanga alikuwa amekuja kuuliza kama mabuti yananitosha, akakaa upande wa pili.

Nikambana samaki kwa uma, nikasukuma kisu. Changu akaondoka. Akapita juu ya chai, akatua kifuani kwa Ami, kwenye kanzu yake nyeupe, akateremka taratibu mpaka mapajani, na mafuta yake nyuma yake. Kisha Ami akasema kuku hawahitaji uma.

Nimewaza saa nzima na jibu nimelipata. Kesho ni Alhamisi! Watu wangapi wanafunga sunna ya Alhamisi? Nikifika nitasema tu kwa unyenyekevu kwamba nimefunga. Hapana kisu, hapana uma, na juu yake nitaonekana kijana mwenye subira na nidhamu. Mezani sikai kabisa. Nashangaa mtandao haukuifikiria hii.

Ila kufunga kwenyewe siwezi, siku ya mtihani ubongo unahitaji chakula. Nimemwomba Mama katlesi nne za nyama, kubwa. Zitakaa mfuko wa ndani wa koti la Masoud, ndani ya karatasi. Mama kauliza za nini. Nimesema za safari.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya siku! Nieleze kwa utaratibu.

Basi dogo la hoteli lilituchukua alfajiri. Radhiya mbele, buibui jipya, faili mkononi. Haroub nyuma, kimya, kama tulivyopatana. Tulipofika, Bi Nasima, mkuu wa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini, akatukaribisha chai. Wenzangu wakachukua vikombe. Mimi nikaweka mkono kifuani nikasema samahani, nimefunga. Bi Nasima akanitazama. Akasema, "Mashallah. Na mimi nimefunga." Nusura niombe chai.

Zoezi la kikundi. Kundi langu lilikuwa la watano: mimi, Radhiya, Haroub na vijana wawili kutoka Pemba. Karatasi ilisema kesho kuna harusi ya wageni mia mbili hotelini, jenereta limekufa, mpishi mkuu anaumwa, na orodha ina mambo kumi na mawili ya kufanya. Tukubaliane matano ya kuanza nayo, dakika ishirini na tano. Wasaili watatu pembeni na kalamu zao.

Nikawahi. Nikasema mimi natunza muda! Nikawa natangaza kila dakika ikipita. Dakika ya nne kijana mmoja wa Pemba aliniomba kwa adabu nitangaze kila baada ya dakika kumi. Wivu.

Dakika ya kumi ikafika. Nikageuka, sauti ya asali, nikasema ndugu Haroub, tungependa kusikia na wewe unaonaje. Chumba kizima kikamgeukia. Kalamu tatu zikanyanyuka. Haroub akakohoa. Akasema:

"Mie nnakubaliana na Radhiya."

Akanyamaza, na hakusema tena mpaka mwisho. Bakuli mbili za urojo! Bajia za ziada!

Lakini sikuvunjika. Mwisho nikasimama kufanya muhtasari. Niliyataja mambo yetu matano kwa ufasaha mkubwa. Radhiya akanong'ona kwamba matatu kati ya hayo ndiyo tuliyoyakataa. Akasimama akayasahihisha. Hata hivyo aliyeanza ni mimi.

Sasa mchana. Sikia haya. Nilijiandaa kupitisha saa hiyo bustanini. Bi Nasima akatuongoza si kwenye ukumbi wa wageni, bali kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi. Mikeka chini. Masinia! Biriani ya ng'ombe, masinia mawili ya wanaume, mawili ya wanawake, watu kwa mikono yao! Hapana uma hata mmoja! Mimi ambaye nimekula kwenye sinia tangu sijaota meno nimesimama pale na funga ya uongo, na Bi Nasima aliyefunga kweli kasimama mlangoni ananitabasamia kama tumo jahazi moja.

Kukaa kutazama nisingeweza. Harufu ya ile rojo ilikuwa inaniita kwa jina. Nikajua nikiacha mikono bila kazi itakwenda kwenye nyama yenyewe. Basi nikaipa kazi. Nikashika birika na beseni, nikawanawisha wote mmoja mmoja. Nikapita na ndimu na pilipili. Unajua nyama inakaa katikati ya sinia na kila mtu anakula upande wake, hapana anayeigusa kwa kuoneana haya, mpaka atokee wa kuigawa. Nikaigawa mimi. Nikakata vipande, nikamsukumia kila mtu mbele yake, vinono kwa wale vijana wa Pemba kwa sababu wao ni wageni. Haroub nikampa mfupa. Dereva wetu alikuwa kajibanza nje, nikamwita, nikamwita na askari wa geti, maana nilitaka biriani ile iishe upesi niache kuiona. Ikaisha. Nikawanawisha tena.

Kisha nikasema naenda kujitayarisha kwa Adhuhuri, nikazunguka nyuma ya chumba cha kufulia. Palikuwa na mashuka meupe yameanikwa safu kwa safu. Nikajipenyeza katikati, nikafungua karatasi. Katlesi ya kwanza sikumbuki nilivyoila. Ya pili niliifaidi. Ya tatu ilikuwa mdomoni shuka likafunuliwa.

Radhiya.

Akanitazama. Akasema, "Abdulhakim, kwako Maghribi ishaingia?"

Nikajibu kwamba naonja chumvi tu. Akauliza katlesi tatu zinahitaji chumvi kiasi gani. Nikaendelea kutafuna. Akanyoosha mkono, akaichukua ya nne, akaila pale pale, taratibu, na biriani alikuwa ameshakula! Akasema mkono wa Mama ni mtamu. Akaondoka.

Usaili wangu na Bi Nasima ulikwenda vizuri, nilijibu nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja ili asisikie harufu ya kitunguu. Alifikiri ni adabu.

Tumerudi jioni. Maghribi ikatukuta njiani, Mahonda. Bi Nasima, aliyepanda basi letu kurudi mjini, akasimamisha gari, akafungua mkoba, akatoa tende sita na chupa ya maji. Tatu akanipa mimi. Akasema kufuturu peke yake kila wiki kumemchosha, leo Mungu kampa mwenziwe. Nilipozipokea, nikasikia Radhiya nyuma akikohoa kikohozi kirefu. Niliona haya. Niliona haya sana, mpaka tulipofika Bububu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepima mambo kwa utulivu. Nimeshinda. Muda nilitunza, muhtasari nilifanya, mkimya nilimvuta. Kama mkimya alisema upuuzi, hilo ni lake. Mama kauliza wamesema lini majibu, nimemwambia majibu ninayo, zimebaki barua tu.

Ila mabuti bado yapo mlangoni. Leo nimeyageuza yatazame ukuta.

Wazee wa baraza wamenisubiri baada ya sala. Wameleta sukari yao.

Jumanne, 22 Julai

NIMEPATA!

Mimi! Mmoja wa wawili! Nimepiga ukelele Mama akaangusha mwiko. Akalia, nikalia, akalia tena. Kisha akaenda dirishani kuwaambia majirani wa pande zote, na safari hii vigelegele nilipata vizima, kama vya Radhiya.

Wa pili ni Radhiya. Haidhuru, leo hata yeye namtakia heri.

Haroub hakupata. Nilimpigia simu kumpa pole. Alisema, "Haya." Maneno matano mwezi huu, na yote amenitumilia mimi.

Barua ina maelezo ya wasaili. Kwenye zoezi la kikundi wameandika kwamba ninahitaji kujifunza kusikiliza, na kwamba kutangaza muda kulisumbua wenzangu. Ni wazi wamechanganya karatasi, hii ni ya mtu mwengine. Chini wameandika kwamba kwa miaka yote waliyofanya mchujo hawajaona mtu anayehudumia wenziwe kwa moyo kama ule, naye amefunga, mpaka dereva na askari hakuwasahau. Wamesema hoteli inaweza kumfundisha mtu kila kitu isipokuwa hicho.

Nimekaa kutafakari lipi hasa limenipa kazi. Nina hakika ni mpango wa Haroub.

Alasiri nikayabeba mabuti mpaka Chukwani, kichwani, nipite nayo watu wote wayaone yanavyorudi. Ami alikuwa bandani. Nikayaweka miguuni kwake, nikasoma barua yote mbele ya kuku mia sita. Ami aliweka chini ndoo ya chakula. Kisha akanikumbatia, na manyoya ya kuku nguoni mwake, akasema marehemu baba yangu angefurahi. Nimerudi na trei mbili za mayai na sijavunja hata moja.

Jumatano, 23 Julai

Bi Nasima ameniandikia. Naanza tarehe mosi Agosti, chini yake mwenyewe, kitengo cha mapokezi ya wageni. Amefurahi kupata mwenzake wa sunna. Ameshafuta jina langu kwenye orodha ya chakula cha mchana kila Jumatatu na Alhamisi. Na kwa sababu siku hizo sitakuwa nakula, ameomba niwe ndiye ninayewahudumia wafanyakazi kwenye masinia, kama siku ile. Mara mbili kwa wiki! Alhamisi ni biriani!

Mama habari hii imempendeza kupita kazi yenyewe. Amewaambia mtaa mzima kwamba mwanawe kazi imemwongoa. Nikamuuliza kwa mbali, kama rafiki yangu fulani amesema anafunga naye hafungi, afanyeje. Mama akasema si afunge tu, shida iko wapi. Wazee wetu wana mawazo mepesi sana.

Kisha ujumbe wa Radhiya. Amesema hongera. Amesema hatamwambia mtu. Amesema yeye anataka mbili, kila Jumatatu na Alhamisi, na pilipili iongezwe kidogo.

Basi nimepiga hesabu ya akili. Tatu zangu, mbili zake. Nimemwambia Mama azifanye ndogo, za kuingia mdomoni mara moja. Anadhani ni za kufuturia, ameshachemsha mbatata za majaribio.

Limebaki tatizo moja, pa kuziweka. Koti Masoud kalichukua na amekasirika, mfuko wa ndani una doa la mafuta halitoki. Sare ya mapokezi haina mifuko kabisa, nimeuliza. Nimezunguka chumba nikifikiri, nikatoka, nikaingia, na pale mlangoni pakawa peupe, hapana kitu. Ndipo nilipopata akili.

Mabuti! Mapya, hayajavaliwa hata siku moja, yanafika magotini, na mguu wangu mwembamba. Katlesi sita zinakaa kila upande na nafasi inabaki.

Kesho asubuhi naenda Chukwani kumwomba Ami anirudishie. Akiuliza ya nini, nitasema ya mvua. Vuli iko mbali, najua, lakini Ami mwenyewe ndiye anayesema siku zote kwamba sijiandai mapema.